Namna ya Kuandika Mapokezi ya Albamu kwa Wahakiki: Mfano wa New York ya Lou Reed

Sentensi inayoharibu makala nyingi za muziki ni hii: "Albamu ilipokewa vizuri na wahakiki." Haina mtu, haina tarehe, haina hoja. Msomaji akiuliza nani aliipokea, lini na kwa sababu gani, mwandishi hana la kujibu, maana alichofanya ni kunakili kijisanduku cha nyota alichokikuta mtandaoni.

Hapa tunaonyesha kazi hiyo inavyofanywa ipasavyo, kwa mfano mmoja tutakaoufuata tangu mwanzo hadi mwisho: New York, albamu ya mwanamuziki wa roki wa Marekani Lou Reed, iliyotolewa na lebo ya Sire tarehe 10 Januari 1989. Ni roki ya mjini isiyopambwa. Ndani yake mna dawa za kulevya, ukimwi, polisi, watoto wanaoishi katika hoteli za watu hohehahe, na hasira ya mtu aliyezaliwa Brooklyn akiutazama mji wake ukioza. Jambo la pili lililotufanya tuichague ni kwamba nyaraka nyingi za mapokezi yake zinasomeka bure kwa yeyote mwenye simu na bando.

Sikiliza kabla ya kusoma

Tenga saa moja isiyo na usumbufu. Reed mwenyewe aliandika kwenye jalada kwamba albamu isikilizwe kwa mkao mmoja, dakika 58, nyimbo 14, kama mtu asomavyo kitabu au atazamavyo filamu. Mtii. Ukiziacha nyimbo zijichanganye zenyewe kwenye simu, hutaelewa kwa nini wahakiki waliizungumzia kama kitu kimoja na si kama mkusanyiko wa singo.

Isikilize mara tatu, kila mara kwa kazi yake. Mara ya kwanza usiandike chochote. Mara ya pili kaa na maneno ya nyimbo mbele yako. Mara ya tatu uwe na karatasi yenye mistari 14, mmoja kwa kila wimbo, na uandike sentensi moja tu kwa kila mstari: nini kinatokea, na kwenye dakika ya ngapi. Utamshangaa mhakiki atakayekuambia wimbo fulani una kiitikio kizuri ilhali karatasi yako inasema hauna kiitikio kabisa. Bila karatasi hiyo utamwamini.

Tumia spika za masikioni. Vyombo ni vichache na ndivyo vilivyobeba sifa nyingi za albamu hii: magitaa mawili, la Reed na la Mike Rathke, yaliyotenganishwa masikioni, besi ya umeme ya kusimama ya Rob Wasserman, na ngoma za Fred Maher, ambaye pia alikuwa mtayarishaji pamoja na Reed. Moe Tucker, mpiga ngoma wa The Velvet Underground, bendi ya zamani ya Reed, amepiga katika nyimbo mbili, na mwimbaji Dion DiMucci anaitikia mwishoni mwa "Dirty Blvd." Sauti ya Reed imewekwa mbele, kavu, kama mtu anayeongea nawe mezani. Lugha yetu ina neno kamili kwa anachofanya: anaghani. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kuzunguka kwa maneno mengi kueleza uimbaji ulio nusu ya maongezi. Wewe unalo tayari, litumie.

Angalia pia unasikiliza toleo gani. Santuri ya 1989 ilikuwa moja tu, na dakika zake halisi, karibu 57, kwenye santuri moja ni kama dakika 28 kila upande. Hizo ni nyingi mno. Mifereji inabanwa, sauti inashushwa, besi inakonda. Mhakiki aliyepewa santuri na yule aliyepewa CD hawakusikia kitu kilekile. Toleo la lebo ya Rhino la Septemba 2020 liligawa muziki huo kwenye santuri mbili, kwa hiyo maoni ya 2020 kuhusu sauti yasitumike kumpinga mtu wa 1989.

Ujue mji wa mwaka ule

Kosa la kawaida ni kusoma wahakiki bila kujua walikuwa wakiishi katika habari gani. Nyimbo hizi zimejaa majina, na kila jina lina tarehe. Katika "Hold On" wametajwa Michael Stewart, kijana aliyefariki 1983 baada ya kukamatwa na polisi wa treni za chini ya ardhi, na Eleanor Bumpurs, bibi aliyepigwa risasi na polisi Oktoba 1984 walipokwenda kumwondoa nyumbani kwake. Umetajwa pia uwanja wa Tompkins Square, ambako polisi na raia walipambana usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Agosti 1988, miezi mitano tu kabla ya albamu kutoka. "Good Evening Mr. Waldheim" unamsema Kurt Waldheim, rais wa Austria aliyeandamwa na maswali kuhusu utumishi wake wakati wa vita vya pili vya dunia, pamoja na Papa aliyempokea Vatikani Juni 1987 na mwanasiasa wa Marekani Jesse Jackson. "Halloween Parade" ni maombolezo ya marafiki wa Greenwich Village, mtaa wa New York, walioondoka wakati wa ukimwi. "Dime Store Mystery" unamlilia msanii Andy Warhol, aliyefariki Februari 1987.

Andika orodha ya majina hayo na tarehe zake kabla hujafungua uhakiki hata mmoja. Itakusaidia kwa namna mbili. Kwanza, utaelewa kwa nini msomaji wa gazeti la New York hakuhitaji kuelezwa jambo ambalo msomaji wa London alihitaji. Pili, utamkamata anayekosea. Kesi ya msichana aliyeshambuliwa akikimbia katika bustani ya Central Park, kwa mfano, huhusishwa kwa urahisi na hali ya mji inayoimbwa humu. Lakini ilitokea Aprili 1989, miezi mitatu baada ya albamu kuwa madukani. Makala inayosema Reed aliimba kuhusu kesi hiyo imekosea, na kwa kosa moja kama hilo unapata sababu ya kuyahakiki mengine yote yaliyomo.

Nyaraka zinakopatikana

Anza na tovuti ya Robert Christgau, aliyekuwa mhakiki wa gazeti la Village Voice hadi 2006. Ameweka humo alama zake zote kwa jina la msanii, bure. New York aliipa A-. Kisha nenda Google Books, ambako matoleo kamili ya majarida ya muziki ya Billboard na Spin ya miaka ile yameskaniwa; tafuta kwa tarehe ya toleo, usitafute kwa jina la albamu, kwa sababu neno "New York" liko kila ukurasa na utazama. Tovuti ya World Radio History ina majarida mengi ya muziki na redio ya Marekani na Uingereza katika faili za PDF. Faili moja la jarida linaweza kufika makumi ya megabaiti, basi pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Rock's Backpages ina hazina kubwa ya makala za zamani lakini hulipiwa. Kabla ya kutoa pesa, uliza kama maktaba ya chuo kilicho karibu nawe imejiunga nayo.

Anayepata safari ya Marekani ajue kwamba kumbukumbu za Lou Reed zimehifadhiwa katika maktaba ya umma ya New York, tawi la sanaa za jukwaani lililopo Lincoln Center, na zilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2019.

Jihadhari na tarehe za majarida. Jarida la wiki hubeba tarehe ya mbele kuliko siku lilipouzwa, na la mwezi zaidi bado. Uhakiki wenye tarehe ya Februari huenda uliandikwa Desemba, kwa kusikiliza kaseti ya mapema isiyo na jalada wala maneno ya nyimbo. Mtu wa namna hiyo akikosea kunukuu mstari, kosa lina maelezo.

Jedwali la safuwima nane

Fungua lahajedwali kwenye simu au chora daftarini. Safuwima ni hizi: tarehe ya toleo, jina la mhakiki, gazeti na mji wake, alama kama ipo, nyimbo alizozisifu, nyimbo alizozikosoa, hoja yake kuu kwa maneno yako, na nukuu moja kwa lugha ya asili pamoja na namba ya ukurasa. Safuwima ya mwisho ndiyo watu hupuuza, na ndiyo huwaumiza. Ukitafsiri moja kwa moja bila kubaki na maneno ya asili, baada ya wiki mbili hutajua kama "mkali" ni neno la mhakiki au lako.

Maingizo manane hadi kumi na mawili yanatosha kwa makala ya maneno elfu moja. Chini ya matano unachoandika ni maoni ya watu watatu wanne, si mapokezi. Hakikisha angalau mawili yanatoka nje ya Marekani na angalau mawili si ya mwaka wa kutolewa.

Kila mhakiki unayemwingiza, chunguza uhusiano wake na msanii. Kwa Reed jambo hili ni la lazima. Katika albamu ya jukwaani ya 1978, Take No Prisoners, Reed alimtukana Christgau kwa jina mbele ya watazamaji. Christgau akaipa albamu hiyo C+ na akamshukuru kwa kulitamka jina lake sawasawa. Msomaji akijua hivyo, ile A- ya 1989 inapata uzito mwingine: haikutoka kwa rafiki.

Kuusoma uhakiki mmoja

Chukua kalamu tatu za rangi. Kwa rangi ya kwanza pigia mstari sentensi zinazoeleza kilichomo, kwa ya pili zinazohukumu, kwa ya tatu zinazolinganisha na kazi nyingine. Uhakiki wenye rangi ya pili peke yake ni kelele. Wenye rangi ya kwanza peke yake ni tangazo. Ulinganishi ndio unaokuonyesha mhakiki amesimama wapi: anayeiweka New York kando ya kazi za The Velvet Underground anamsoma Reed kama mwandishi wa mitaa, na anayeiweka kando ya Mistrial ya 1986, albamu iliyowachosha wengi, anaandika habari ya kurejea kwa msanii.

Hiyo habari ya kurejea ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Inavutia kusema Reed alipotea tangu miaka ya sabini akaibuka 1989. Si kweli. The Blue Mask ya 1982 ilisifiwa sana, na Christgau aliipa alama ya juu kuliko New York. Kilichobadilika 1989 ni lebo, idadi ya wanunuzi, na mambo aliyoyaimba: alitoka chumbani akaingia barabarani. Ukiandika "alirejea", sema alirejea kutoka wapi.

Sasa tazama uhakiki mfupi wa Christgau unavyofanya kazi, kwa sababu ni somo zuri la sifa zenye makovu. Hasemi albamu ni kamilifu. Anaorodhesha kwamba Reed anapinga, anaomboleza, ananung'unika, analazimisha utani, na anakorofisha alichokisoma gazetini. Kisha anahukumu kwamba hayo yote pamoja ni mazungumzo halisi ya mtu wa New York. Yaani kasoro zenyewe ndizo hoja ya kusifu. Anayesoma A- bila kusoma sentensi atadhani mhakiki alikubali kila kitu. Anayechomoa kipande cha kasoro peke yake ataonyesha albamu iliyokosolewa. Zote mbili ni uongo.

Lawama nazo zipe nafasi yake, hata pale wengi waliposifu. Kwa albamu hii zinazostahili kupimwa ni mbili. Ya kwanza ni uhubiri: majina yanapangwa kama mashtaka, na muziki unarudi nyuma kuwapisha. Ya pili ni uhai wa habari: je, wimbo kuhusu Waldheim unamgusa nani leo? Rudi kwenye karatasi yako ya mistari 14 na uamue mwenyewe. Kwa maoni yetu lawama ya kwanza ina haki katika "Strawman" na haina haki kabisa katika "Dirty Blvd.", ambamo mtoto Pedro anatosha, hakuna hotuba, kuna chumba, baba, na ndoto ya kuruka aende zake.

Chati, kura na uhakiki ni vitu vitatu

Waandishi huvichanganya katika aya moja na msomaji anabaki hajui nani alipenda nini. Vitenganishe.

Chati hupima mauzo au redio. New York ilifika nafasi ya 40 Marekani na ya 14 Uingereza. "Dirty Blvd." ilikaa namba moja kwa wiki nne kwenye chati ya Billboard ya roki ya kisasa, lakini chati hiyo ilianzishwa Septemba 1988 tu na ilihesabu kupigwa redioni, si kununuliwa. Cheti cha dhahabu cha Marekani, maana yake nakala 500,000 zilizopelekwa madukani, kilikuja 1997. Lebo ndiyo huomba cheti hicho, kwa hiyo mwaka wa cheti si mwaka nakala zilipofikia idadi hiyo.

Kura ni hesabu ya wahakiki wengi, na lazima ujue kanuni zake. Kura ya mwaka ya Village Voice, Pazz & Jop, ilimpa kila mpigakura pointi 100 za kugawa kwa albamu 10, kila moja ikipata kati ya 5 na 30. Kwa hiyo albamu inayopendwa kwa wastani na wengi yaweza kuishinda ile inayoabudiwa na wachache. Mwaka 1989 New York ilishika nafasi ya 3, nyuma ya albamu za De La Soul na Neil Young. Utaje pia kwamba gazeti lenyewe ni la New York. Hilo halibatilishi kura, kwa kuwa wapigakura walitoka sehemu nyingi za Marekani, lakini msomaji ana haki ya kulijua.

Orodha za majarida ni jambo jingine tena. Novemba 1989 Rolling Stone liliiweka ya 19 kati ya albamu 100 bora za miaka ya themanini, wakati albamu haijatimiza hata mwaka. Orodha hiyohiyo iliiweka juu kabisa London Calling ya The Clash, iliyotoka Uingereza Desemba 1979, kwa kuwa ilihesabu tarehe ya Marekani. Usitumie orodha ambayo hujasoma kanuni zake.

Hukumu huhama

Ukiishia 1989 umeandika nusu. Ili uone hukumu inavyohama, weka kando albamu ya Reed ya 1973, Berlin. Rolling Stone, kwa kalamu ya Stephen Davis, liliiita janga. Mwaka 2003 jarida lilelile likaiingiza kwenye orodha yake ya albamu 500 bora za wakati wote, nafasi ya 344. Desemba 2006 Reed aliipiga yote jukwaani huko Brooklyn, watu wakaja kuisikiliza kama kazi iliyoheshimika siku zote. Usiandike kwamba Rolling Stone "lilibadili mawazo". Jarida halina mawazo. Aliyeandika 1973 ni mtu mmoja na waliopiga kura 2003 ni watu wengine.

New York ilihama kidogo zaidi, kwa sababu ilianzia juu. Vipindi vya kutazama ni viwili. Reed alifariki tarehe 27 Oktoba 2013, na maandishi ya wiki zile ni ya msiba. Yasome kama tanzia, ambamo mabaya hupunguzwa kwa adabu. Kisha toleo la 2020 lilitoka Donald Trump akiwa rais wa Marekani, na jina la Trump limo katika "Sick of You". Wepesi wa kumwita Reed nabii ni mkubwa hapo. Mwaka 1988 Trump alikuwa tajiri wa majengo aliyejulikana kwa kila msomaji wa magazeti ya New York, na wimbo unamtaja kwa sababu hiyo.

Kuandika aya zenyewe

Fuata tarehe. Aya ya kwanza iwe ya majuma ya kutolewa, ya pili iwe ya mwisho wa mwaka, ya tatu ya miaka ya baadaye. Chati ziingie kwa sentensi moja au mbili, peke yake. Badala ya ile sentensi tuliyoanza nayo, andika hivi: "Katika kura ya wahakiki ya Village Voice ya 1989 albamu ilikuwa ya 3, Robert Christgau, msimamizi wa kura hiyo, aliipa A- huku akitaja utani uliolazimishwa na habari zilizokorofishwa." Ina mtu, ina mwaka, ina kipimo, na ina shaka.

Majina ya nyimbo yaache kwa Kiingereza, kisha eleza maana kwa sentensi yako pale inapohitajika. Maneno ya wahakiki yatafsiri kwa maana, na ukitilia alama za kunukuu uwe tayari kuonyesha asili yake kwenye safuwima ya nane. Alama kama A- au nyota usizigeuze kuwa asilimia. Mhakiki hakutoa asilimia.

Kabla ya kuchapisha, mpe mtu ambaye hajawahi kumsikia Lou Reed asome, na umwambie apigie mstari kila mahali anapotaka kuuliza "nani alisema?" Kila mstari atakaoupiga una jibu kwenye jedwali lako, au sentensi hiyo inafutwa.